Kaka, Dada na Mchumba: Istilahi za Undugu na Mgogoro wa Mapenzi katika Filamu za Kitelugu

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi uhusiano wa kaka na dada unavyozaa mgogoro wa mapenzi katika filamu za Kitelugu. Hoja yake kuu ni kwamba mgogoro huo una mizizi katika msamiati wa undugu wa lugha hiyo, ambamo dada ni mama wa mtu ambaye mtoto wa kaka anaweza kumwoa au kuolewa naye. Filamu zinazotiliwa mkazo ni Mayabazar (1957), Raktha Sambandham (1962) na Attarintiki Daredi (2013). Sehemu ya mwisho inajadili ugumu wa kuzihamishia istilahi hizo katika Kiswahili.

Utangulizi

Katika mwaka 1962 watazamaji wa filamu za Kitelugu waliwaona N. T. Rama Rao na Savitri katika sura mbili zisizopatana. Katika Gundamma Katha, iliyoongozwa na Kamalakara Kameswara Rao, wawili hao ni mume na mke. Katika Raktha Sambandham, iliyoongozwa na V. Madhusudhana Rao, ni kaka na dada mayatima ambao mapenzi yao ya kindugu yanawafikisha kaburini pamoja. Waigizaji hawa walikuwa wamekwisha kuzoeleka kama wapenzi wa sinema tangu Missamma (1955). Mtu angetarajia mtazamaji agome, au angalau acheke mahali pasipotakiwa kicheko. Haikuwa hivyo: Raktha Sambandham ilipendwa, na hadi leo jina lake, lenye maana ya uhusiano wa damu, hutajwa kila panapozungumzwa filamu za kaka na dada.

Sehemu ya jibu ni ustadi wa Savitri. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameigiza nafasi hiyohiyo katika Pasamalar, filamu ya Kitamil ya A. Bhimsingh ambayo ndiyo asili ya Raktha Sambandham. Huko kaka yake aliigizwa na Sivaji Ganesan, na mpenzi wake na Gemini Ganesan, aliyekuwa mumewe katika maisha halisi. Lakini ustadi hautoshi kueleza jambo hili. Katika Kitelugu, mwanamke akishamwita mwanamume annayya, yaani kaka mkubwa, amekwisha kumweka upande mmoja wa mstari ambao mapenzi ya uchumba hayawezi kuuvuka. Neno hilo moja linamwambia mtazamaji namna ya kuwatazama watu wawili waliomo kwenye pazia, hata kama jana aliwaona wakioana.

Mstari unaopita katikati ya mabinamu

Kitelugu ni lugha ya jamii ya Kidravidi, na sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 80, wengi wao wakiwa katika maeneo ambayo sasa ni majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Msamiati wake wa undugu ni wa kawaida katika lugha za jamii hiyo. Kaka mkubwa ni anna, kaka mdogo ni tammudu, dada mkubwa ni akka, dada mdogo ni chelli au chellelu. Maneno haya hayaishii kwa watoto wa tumbo moja. Watoto wa kaka wa baba na watoto wa dada wa mama nao huitwa kwa maneno hayohayo, na kwa hiyo ni ndugu kamili ambao ndoa kati yao haifikiriki.

Watoto wa dada wa baba na watoto wa kaka wa mama wako upande wa pili. Mvulana wa kundi hili aliye mkubwa kuliko msemaji huitwa bava, na msichana aliye mdogo huitwa maradalu. Bava ni pia mume wa dada mkubwa, na katika nyimbo za filamu msichana humwita hivyo mpenzi wake. Wazazi wao nao wana majina ya namna hiyo. Kaka wa mama ni mama, neno ambalo halina uhusiano wowote na mama wa Kiswahili, na neno hilohilo ni la baba mkwe. Dada wa baba ni atta, na atta ni mama mkwe. Kwa maneno mengine, lugha inamwambia mtoto, kabla hajajua ndoa ni nini, kwamba shangazi yake ni mkwe wake. Desturi ya kuoana kwa watoto wa kaka na dada huitwa menarikam. Katika jamii nyingi za Watelugu mjomba pia aliweza kumwoa binti wa dada yake mkubwa. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 inakataza ndoa za jamaa wa karibu, lakini imeacha mlango kwa wale ambao mila yao inaziruhusu.

Msomaji wa Kiswahili ataona kitu anachokijua hapa. Kiswahili nacho humwita kaka wa baba kwa jina la baba, awe baba mkubwa au baba mdogo, na dada wa mama kwa jina la mama. Kisha kinawatenga shangazi na mjomba kwa majina yao mahsusi. Mkato unapita mahali palepale. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaishia hapo: mjomba ni mjomba, na mkwe ni mkwe. Mtoto wa mjomba anaweza kuoleka, hasa katika pwani, ambako hata mtoto wa baba mdogo anaoleka kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Lakini hakuna neno linalomngoja kama mchumba tangu utotoni. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno umbu kwa ndugu wa jinsia ya pili, hasa dada kwa kaka yake. Kupotea kwa neno hilo katika mazungumzo ya kila siku ni hasara kwa yeyote anayetaka kuandika juu ya mada hii, maana dada leo ni pia jina la heshima kwa mwanamke yeyote wa mtaani.

Jambo linalofuata kutoka katika msamiati huu ni la msingi kwa hadithi. Kaka na dada wa Kitelugu hawaoani, lakini watoto wao wamekusudiwa kuoana. Dada anapoolewa, kaka hampotezi moja kwa moja. Kuna kizazi kimoja cha kungoja, kisha nyumba mbili zinarudi kuwa moja. Mtu anayempenda dada huyo bila idhini ya kaka haibi mwanamke tu. Anaibeba pia ndoa ya kizazi kijacho na kuipeleka mahali ambapo kaka huenda asifike.

Ahadi ya Subhadra

Mayabazar, iliyoongozwa na K. V. Reddy, inaufanya mpango huu kuwa kichekesho cha hali ya juu. Subhadra ni dada wa Krishna na Balarama. Mwanawe Abhimanyu na Sasirekha, binti wa Balarama, wamepeana mioyo tangu utotoni, na wazazi wameahidiana. Kisha Wapandava, upande wa mume wa Subhadra, wanapoteza mali yao yote katika mchezo wa kete. Revathi, mke wa Balarama, hataki tena kumpa binti yake mtoto wa maskini. Balarama anakubali posa ya Lakshmana Kumara, mwana wa Duryodhana aliyeshinda mchezo ule. Subhadra anafika nyumbani kwa kaka yake na kukuta ahadi imevunjwa.

Sehemu iliyobaki ya filamu inajulikana kwa mbinu zake za kamera na kwa uchawi wa Ghatotkacha, jitu lililoigizwa na S. V. Ranga Rao, ambalo linamchukua Sasirekha akiwa usingizini na kuvaa sura yake ili kuivuruga arusi. Ubingwa huo umesifiwa mno, na kwa haki. Lakini injini ya hadithi iko katika tukio dogo la dada kufedheheka mlangoni kwa kaka. Kisa hiki cha Sasirekha hakimo katika Mahabharata ya Kisanskriti. Ni mapokeo ya kusini. Wasimulizi wa kusini waliukuta utenzi mkubwa uliojaa kaka na dada, wakaona kuna ndoa moja iliyopaswa kuwepo na haipo, wakaitunga. Hata ndoa ya Subhadra mwenyewe ilikuwa ya aina hiyo, kwa kuwa mumewe Arjuna ni mwana wa Kunti, dada wa baba yake Subhadra.

Inafaa kuangalia ni nani anayelaumiwa. Mapenzi ya vijana katika Mayabazar hayapingani na undugu. Yanakwenda sambamba nao. Anayeuvunja undugu ni kaka aliyeacha mali imtawale, akisukumwa na mkewe. Krishna, ambaye ni kaka mwingine, anawasaidia wapenzi kwa sababu kuwasaidia ndiko kumtimizia dada yake haki. Mtazamaji hatakiwi kuchagua kati ya dada na mchumba.

Raktha Sambandham na nyumba ya kuzaliwa

Miaka mitano baadaye uchaguzi huo ukawa hauepukiki. Katika Raktha Sambandham, kama katika asili yake ya Kitamil, hakuna mali ya kurithi wala ukoo wa kifalme. Raju ni kibarua aliyemlea dada yake Radha. Akiba ndogo ya dada ndiyo inayoanzisha biashara ya kaka, na kaka anakuwa mwenye kiwanda. Radha anampenda Anand, mfanyakazi ambaye anagongana na Raju katika mgogoro wa kiwandani. Mpenzi si binamu. Hakuna shangazi wala mjomba aliyemwandaa. Ametoka nje kabisa ya msamiati, na zaidi ya hapo ametoka katika tabaka ambalo kaka ametoka kulikimbia.

Raju anakasirika, kisha anaona kwamba moyo wa dada yake umekwisha kuamua, anakubali na kuwaoza. Hapo ndipo filamu inapowaacha wenzake. Hadithi nyingi za mapenzi humalizika kwa idhini. Hii inaanza kuumiza baada ya idhini. Jamaa wa mume anachochea ugomvi juu ya mali na juu ya nani mwenye haki ya kukaa wapi, na kaka na dada wanatenganishwa na watu ambao wao wenyewe waliwakaribisha. Kaka anapoteza macho akimwokoa mtoto wa dada yake katika ajali ya fataki. Ni muhimu kwamba ni mtoto wa dada. Mjomba katika arusi ya Kitelugu ndiye anayembeba bibi arusi akiwa ameketi kapuni na kumleta mbele ya bwana arusi. Kaka huyu anatoa macho yake kwa ajili ya mtoto ambaye angekuja kumbeba.

Istilahi mbili zinasaidia kuelewa maumivu hayo. Ya kwanza ni puttillu, nyumba ya kuzaliwa, ambayo mwanamke aliyeolewa huendelea kuiita yake ingawa hana chumba humo. Ya pili ni aadapaduchu, binti wa nyumba: jina analopewa mwanamke na nyumba aliyotoka, lenye maana kwamba akirudi apokewe kwa heshima na asiondoke mikono mitupu. Lakini kwa mke wa kaka, aadapaduchu ni wifi. Neno moja linabeba baraka na tishio, kutegemea nani anayelitamka. Wasemaji wa Kiswahili, ambao wana mzaha usiokwisha juu ya mawifi, hawahitaji maelezo zaidi.

Filamu inamhurumia kaka kupita kiasi. Machozi ni ya wote wawili, lakini dhabihu inayohesabiwa ni yake. Radha anapenda, anaolewa, anazaa, anakufa, na ni mara chache anaulizwa angetaka nini kama angekuwa na nyumba yake mwenyewe. Suala hilo la nyumba lilijibiwa nje ya sinema, na kwa njia ambayo mtunzi wa filamu asingethubutu kuibuni. N. T. Rama Rao aliunda chama cha Telugu Desam mwaka 1982 na kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh mwanzoni mwa 1983. Wafuasi wake walimwita Anna garu, kaka mheshimiwa, naye aliwahutubia wanawake kama aadapaduchu wa Watelugu. Katika kipindi cha utawala wake jimbo hilo lilirekebisha Sheria ya Urithi ya Wahindu, na binti akapata kwa kuzaliwa fungu sawa na la mwana katika mali ya pamoja ya familia. Marekebisho hayo, ya mwaka 1986, yalitangulia sheria ya India nzima kwa karibu miaka 20, kwani ile ya nchi nzima ilikuja mwaka 2005. Yaliwaacha nje mabinti waliokuwa wamekwisha kuolewa kabla ya sheria kuanza kutumika. Dada wa aina ya Radha, aliyeolewa katika miaka ya sitini, hakupata kitu.

Kaka mwenye ngumi

Baada ya hapo mkondo mkuu wa filamu hizi ulibadilika, na si kwa manufaa ya dada. Katika Hitler (1997) ya Muthyala Subbaiah, Chiranjeevi ni kaka aliyelea dada watano kwa ukali uliomzalia jina hilo mtaani. Kila mwanamume anayewatupia jicho anakumbana naye. Katika Arjun (2004) ya Gunasekhar, Mahesh Babu anamlinda pacha wake dhidi ya wakwe wanaopanga kumwua ili mwana wao aoe kwingine. Annavaram (2006) inampa Pawan Kalyan sababu ya kupambana na wahalifu wa mji mzima: dada yake ameolewa huko. Katika Rakhi (2006) ya Krishna Vamsi, dada anachomwa moto na wakwe kwa ajili ya mali, na kaka anageuka mlipiza kisasi wa wanawake wote.

Filamu hizi hazifanani kwa ubora. Rakhi ina hasira ya kweli, na Arjun ina wakwe wa kutisha walioigizwa vyema na Prakash Raj na Saritha. Lakini katika zote dada amepungua. Yeye ni sababu ya ngumi. Mapenzi yake huwa ama hatari ya kuzuiwa ama mkataba wa kulindwa, huku mapenzi ya kaka na shujaa wa kike yakiendelea pembeni kwa nyimbo na utani, bila kuombewa idhini kwa kaka wa msichana huyo. Shujaa anaruhusiwa kumfuata dada wa mwingine barabarani, na palepale anaruhusiwa kumpiga anayemfuata dada yake. Ukinzani huu hauonwi na filamu zenyewe. Ni nadra hata kichekesho kutungwa juu yake.

Hadithi hizi pia zilisafiri. Hitler ilitoka katika Kimalayalam, Annavaram katika Kitamil, na Puttintiki Ra Chelli (2004), ambayo jina lake ni mwito kwa dada arudi nyumbani alikozaliwa, ilitoka katika Kikannada. Lugha zote hizo ni za Kidravidi, na hadithi ilipovuka mpaka ilikuta nafasi za undugu zimekwisha kupangwa. Pasamalar ilipotengenezwa upya kwa Kihindi mwaka 1962 iliitwa Rakhi, jina la uzi ambao dada humfunga kaka mkononi. Kwa Wahindu wengi wa kaskazini watoto wa kaka na dada hawaoani, kwa hiyo filamu ilihitaji alama nyingine ya kubebea uzito wa uhusiano huo, ikauchukua uzi.

Attarintiki Daredi, filamu ya Trivikram Srinivas iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyorudi kwenye msamiati kwa akili zaidi. Sunanda alifukuzwa na baba yake kwa kuolewa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe. Miaka inapita, mzee anataka kumwona binti yake, na mjukuu wake Gautham, mwana wa kaka yake Sunanda, anatumwa kumrudisha. Anaingia nyumbani kwa shangazi kama dereva, na anampenda binti yake. Kaka mwenyewe hana la kusema katika filamu nzima. Mwanawe analipa deni lake. Na kwa kuwa mwana wa kaka na binti wa dada ni bava na maradalu, mapenzi yale ambayo yangeonekana kuwa kitu cha kando yanakuwa njia ya dada kurudi puttillu. Sunanda, aliyeigizwa na Nadhiya, ni mwanamke mwenye mali na sauti, na filamu inamlazimisha kila mtu kumwomba yeye.

Tatizo la kuzihamisha istilahi

Filamu za India ya kusini zimewafikia watazamaji wa Afrika Mashariki kwa njia ya wasimulizi wanaojulikana kama ma-DJ, akiwemo DJ Afro wa Kenya, mara nyingi zikiwa zimekwisha kutiwa sauti za Kihindi au Kiingereza. Istilahi ya undugu hupita katika lugha mbili kabla ya kufika kwa Kiswahili, na katika kila kituo inamwaga kitu. Bava anapokuwa binamu, mtazamaji wa bara huenda akaona mwiko mahali ambapo Mtelugu anaona arusi. Akiwa mpenzi, undugu unatoweka, na pamoja nao sababu ya wazee kufurahi au kukasirika. Neno mtani lingekaribia zaidi, kwa kuwa katika jamii kadhaa mtoto wa mjomba ni mtani na utani huo una harufu ya uchumba, lakini linavuta pia utani wa makabila. Jina Attarintiki Daredi lenyewe linauliza njia ya kwenda nyumbani kwa atta. Mfasiri analazimika kuchagua kati ya nyumba ya shangazi na nyumba ya mama mkwe, wakati filamu nzima ni safari ya kijana anayeanza kwa kutafuta ya kwanza na kumaliza akiwa katika ya pili bila kuhama mlango.

Kuna neno la hatari zaidi. Mali ambayo upande wa msichana humpa mwanamume huitwa katnam, na India ilipiga marufuku utoaji wake kwa sheria ya mwaka 1961. Msimulizi mwenye haraka ataliita mahari. Mahari ya Kiswahili hutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Mtazamaji wa Rakhi akisikia kwamba bibi arusi amechomwa moto kwa ajili ya mahari ataelewa kwamba wakwe walidai kurudishiwa walichotoa, kumbe walikuwa wanadai zaidi kutoka kwa kaka ambaye alikuwa amekwisha kutoa.